Sabato ya Obuya

Miaka yote aliyokaa polisi, Inspekta Namalwa alijifunza jambo moja ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha kule depo, chuo cha polisi: mtu akikudanganya kuhusu kifo, wewe mwulize kuhusu chai. Uongo wa kifo mtu huupiga pasi mpaka unanyooka. Chai hakuna anayekumbuka kuipiga pasi.

Ndiyo maana asubuhi ile, alipokaribishwa barazani kwa Daktari Jeremy Muigai huko Loresho, hakugusa habari ya kifo hata kidogo. Alikoroga chai yake, akasifu maua, akatazama picha iliyotundikwa ukutani. Watu watatu walikuwa wamesimama kwenye boti ya matanga, nyuma yao mlima wa Cape Town. Daktari alikuwa amevaa kofia. Mkewe, Wangeci, alikuwa anacheka. Wa tatu alikuwa kijana mrefu, amevaa jaketi la kuokoa maisha la rangi ya chungwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka kidevuni, filimbi inaning'inia kifuani. Huyo ndiye Obuya, mtoto wa pekee wa Mama Peres wa Woodley. Alikuwa mpishi wa boti, tena ndiye baharia wa pili. Watatu hao waliondoka Cape Town kwenda Brazil. Waliofika Brazil walikuwa wawili.

"Daktari, nielezee siku ya kawaida huko," Namalwa akasema. "Sio ile siku. Siku ya kawaida tu."

Daktari alikuwa daktari wa meno, amestaafu, mtu aliyezoea kuwauliza watu maswali wakati midomo yao imejaa vyuma. Alianza kwa Kiingereza, Namalwa akamjibu kwa Kiswahili. Akarudia Kiingereza, akarudishiwa Kiswahili. Mwishowe Kiswahili kikashinda, na uso wa Daktari ukalegea kidogo.

"Watu hufikiria ni dhoruba kila siku," akasema. "Wacha nikwambie, ofisa, bahari ni kuosha vyombo. Unaamka boti imelala upande, unavaa suruali ukiwa umeshika ukuta. Obuya ndiye alikuwa anaamka wa kwanza. Kuna samaki wanaruka usiku wanaangukia juu ya boti, wanakufa hapo. Anawaokota, anawakaanga. Halafu anageuza mayai."

"Anageuza mayai?"

"Friji ilikuwa ndogo kama ya hoteli. So mayai unayapaka Vaseline ganda lote, hewa isiingie, na kila asubuhi unayageuza moja moja. Usipogeuza yanaoza. Obuya alikuwa anayaongelesha, anayaita watoto wa shule. 'Geukeni upande ule mwingine, mwalimu anakuja.'" Daktari akatabasamu, kisha akakumbuka hapaswi kutabasamu. "Jiko lenyewe linaning'inia, linabembea na boti. Sufuria imefungwa na waya. Mkate alikuwa anauoka ndani ya sufuria ya presha. Kuoga ni ndoo ya maji ya chumvi, halafu kikombe kimoja cha maji matamu ujisuuze. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa bahari, alikuwa analala sana. Mimi na Obuya tulikuwa tunapokezana zamu. Usukani unajiendesha, wewe kazi yako ni kuangalia meli zisije zikawagonga."

"Na kuvua?"

"Uzi unauacha nyuma ya boti mchana kutwa. Jioni unauviringa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Huko siku zote ni sawa tu."

Namalwa akainywa chai yake taratibu. Hapo pasi ilikuwa imeruka mkunjo.

Maana ndani ya gari lake kulikuwa na faili, na ndani ya faili kulikuwa na maelezo ya Daktari yenye sahihi yake. Aliandika kwamba Jumamosi asubuhi Obuya aliinama nyuma ya boti kuvuta uzi wa samaki. Wimbi likaitikisa boti, ule mti mzito wa chini ya tanga ukamgonga kichwani, akaanguka. Jaketi hakuwa amelivaa. Akazama papo hapo bila kuhisi chochote. Daktari akaita msaada kwa simu ya setilaiti, meli moja ya mizigo ikageuza njia, ikatafuta hapo mpaka jua likazama, haikuona kitu.

Namalwa alimsomea Mama Peres maelezo hayo wiki iliyopita, kwenye nyumba yake ya kanso, zile za baraza la jiji, kule Woodley. Mama akamkatiza. "Jumamosi? Hebu soma tena hapo." Akasomewa tena. "Mtoto wangu alikuwa anavua Jumamosi?" Wao ni Wasabato tangu babu. Tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka la Jumamosi lizame, Obuya hakuwa anawasha hata kiberiti. Alishafukuzwa kazi mbili mjini kwa sababu hiyo. Na chini ya meza ya Mama, karibu na mtungi wa gesi, palikuwa na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu mzima, ambalo Wajaluo hulizika badala ya mtu aliyepotelea majini asipatikane. Hezekiah, shemeji yake, alilileta kutoka nyumbani kwa basi. Mama alikuwa amekataa lisizikwe. "Nikizika hilo nimekubali," alisema. "Na mimi siwezi kukubali uongo. Wewe niletee ukweli, afande, halafu nitazika."

Basi hilo tu ndilo lililomleta Namalwa Loresho. Alikuja na dhana yake moja, tena dhana nzuri: waligombana. Wanaume wawili, boti ndogo, majuma ya maji matupu. Kiganja cha mkono wa kulia wa Daktari kilikuwa na kovu jipya, pana, ngozi bado ya waridi.

"Huo mkono ulikuwaje?"

"Kamba," Daktari akasema, akaukunja. "Kamba ilinichoma."

"Pole sana. Naomba nimsalimie madam kidogo."

"Mke wangu hana la kuongeza. Alikuwa amelala."

"Nitamsalimia tu," Namalwa akasema, na alikuwa tayari amesimama.

Wangeci alikuwa jikoni. Kwenye ile picha alikuwa mnene wa kiasi, mwenye mashavu. Aliyekuwa pale jikoni nguo zilimpwaya. Kwenye kaunta palikuwa na trei ya mayai, na alipomwona Namalwa ameitazama, akaivuta upande kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake.

"Daktari ameniambia habari ya mayai," Namalwa akasema, akavuta kiti. "Nimecheka. Ati watoto wa shule."

"Alikuwa mtu wa mchezo," Wangeci akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nilikuwa nimelala hapo nikitapika, ananichekesha. Tulikuwa tunamtania pia. Mjaluo hajui kuogelea. Anasema yeye amezaliwa Woodley, ziwa ameliona wakati wa mazishi tu. Jaketi lake alikuwa halivui. Anaoga, analivaa. Mzee wangu alikuwa anamwambia, 'Utaoa ukiwa nalo.'"

Namalwa hakuandika chochote. Kalamu huwatisha watu.

"Na Jumamosi mayai nani aligeuza?"

"Mimi. Jumamosi yalikuwa yangu." Alijibu bila kuwaza, jinsi mtu anavyojibu kuhusu jikoni kwake. "Ijumaa alikuwa anapika chakula cha siku mbili, githeri ama ndengu, anafunga uzi wake wa samaki, anaoga. Jumamosi tunakula baridi. Tulishakubaliana naye tukiwa Cape Town. Sabato yake hatumwiti, hatumgongei mlango. Alikuwa anajifungia kwa chumba chake cha mbele na Biblia. Mzee anashika zamu zote. Na mimi nilikuwa nikimpikia chai asubuhi, namwekea mlangoni, nimeibana na kitambaa isimwagike. Akitaka anachukua."

"Ile Jumamosi pia ulimwekea?"

Wangeci akainua macho. Akatazama mlango wa barazani, akatazama mayai. Namalwa alingoja. Hakuna kazi ngumu katika upelelezi kama kungoja, na ndiyo kazi aliyoijua zaidi.

"Niliikuta," Wangeci akasema mwishowe. "Saa ya lunch nilipita nikaikuta hapo hapo. Imekuwa baridi, ina utando juu. Nikasema, wacha nigonge tu, Mungu atanisamehe. Nikagonga. Nikafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa."

"Hakulala."

"Hakulala humo."

Ile dhana nzuri ya Namalwa kuhusu ugomvi ikafa palepale, na iliyokuja mahali pake ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa haikuwa na adui ndani yake.

"Madam, mara ya mwisho ulimsikia lini?"

"Ijumaa jua likizama. Alikuwa akifungua Sabato yake kwa kuimba. Anasimama kule mbele kabisa ya boti, ameshika waya, anaimba Kijaluo. Mimi niko kitandani chini, namsikia juu ya kichwa changu. Nilikuwa naingojea, unajua? Wiki nzima nimelala nikiskia maji tu." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Hiyo Ijumaa aliimba kidogo halafu ikakatika. Katikati. Nikasema ni upepo umeichukua. Nikasema amechoka. Nikageuka upande wa pili nikalala."

"Na Daktari?"

"Zamu ilikuwa yake tangu jua lizame. Alikuwa amekunywa wine kidogo. Alipanda juu baadaye, akaona hakuna mtu, akasema Obuya ameingia Sabato. Hatukumwita." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Tulikuwa tunamheshimu, afande. Tulikuwa tunaheshimu dini yake."

Namalwa alimwacha alie. Kisha akamwuliza kuhusu mkono wa Daktari. Ni kamba kweli, Wangeci akasema: walipogundua, Mzee alijaribu kuigeuza boti kwa pupa, upepo ukavuta tanga, kamba ikapita mkononi mwake. Hapakuwa na ugomvi wowote. Hapakuwa na hata neno baya.

Aliporudi barazani, Daktari alikuwa amesimama mbele ya picha, amempa mgongo. Alikuwa amesikia, ama alikuwa amekisia.

"Boti yako inakimbia kiasi gani?" Namalwa akamwuliza. "Tuseme tangu jua lizame mpaka lunch ya kesho yake."

"Inategemea upepo."

"Ule upepo."

Daktari akahesabu kwa vidole. "Kama hapa mpaka Nakuru. Labda kidogo zaidi."

"Na ulipopiga simu kuomba msaada ulisema ameanguka saa ngapi?"

"Ofisa..."

"Saa ngapi, Daktari?"

"Nilisema ni sasa hivi." Akageuka. Uso wake ulikuwa wa mzee ghafla. "Wewe ungesema nini? Ningesema tangu jana jioni, nani angegeuza meli yake? Wangesema pole sana, wangeendelea na safari. Nikasema sasa hivi ndio waje. Na wakakuja."

"Wakaja wakatafuta wapi?"

"Pale."

"Pale mlipokuwa."

"Pale tulipokuwa."

"Kwa hivyo mtu alipotelea Nakuru," Namalwa akasema, "na nyinyi mkaita watu waje wamtafute hapa Loresho."

Daktari aliketi. Alieleza yaliyosalia kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mwingine. Meli ilipofika, nahodha aliuliza maswali, naye akajibu vile vile alivyokuwa ameshasema, kwa sababu jibu lilishatoka. Baada ya hapo hakuona njia ya kulirudisha. Kila saa ilipopita ndipo ilipozidi kuwa vigumu. Ile meli ilizunguka, na wao wakazunguka pamoja nayo. Wangeci alisimama mbele ya boti akiita jina la Obuya, akiita na kuita mpaka sauti ikamkauka, mahali ambapo wote wawili walijua Obuya hayupo. Na huko alikokuwa hakukwenda mtu yeyote.

"Ungewaambia ukweli ilipofika," Namalwa akasema. "Meli ina redio. Ina watu wanaojua kupiga hesabu za mkondo."

"Najua."

"Na jaketi?"

Daktari aligeuka. Alitazama picha tena, ile filimbi.

"Uliandika hakuwa amelivaa."

"Nilimwandikia mama yake," Daktari akasema. "Hiyo niliandika kwa ajili ya mama yake. Kwamba hakuhisi chochote."

Namalwa alimwandikisha maelezo mapya, neno kwa neno, na Daktari akatia sahihi bila kubisha. Hata wakili hakumwita. Huyo alikuwa mtu aliyechoka kungoja kukamatwa. Bahati mbaya, hata Namalwa hakujua atamkamata kwa kosa gani.

Msongamano wa magari ulimshika Dagoretti Corner. Akampigia simu mkubwa wake, Inspekta Mkuu Mungai, akamsimulia yote. Mungai alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Namalwa," akasema. "Umefanya kazi safi, sikatai. Sasa niambie, maji ni yetu?"

"Hapana, mkubwa."

"Boti ni yetu?"

"Imesajiliwa kisiwa kimoja huko. Yeye mwenyewe hajawahi kukikanyaga."

"Maiti tunayo? Hatuna. Kuna mtu alimsukuma? Hakuna. Nimpeleke kortini nimshtaki na nini, kulala? Kudanganya nahodha wa watu?" Akashusha pumzi. "Nitaipeleka juu, lakini wewe unajua itarudi. Na usiende kumwambia yule mama. Mwache na alichonacho. Mwambie alizama."

"Aliniuliza ukweli, mkubwa."

"Watu huuliza," Mungai akasema, akakata simu.

Magari hayakusogea. Mchuuzi alimwonyesha miwani ya jua dirishani, akamwonyesha chaja, kisha akamtazama usoni na kuondoka zake. Namalwa alijaribu kuupanga uongo. Haukuwa mgumu: alizama, mama, Ijumaa badala ya Jumamosi, basi. Ulikuwa umeshanyooka kabla hajafika kituo cha mafuta. Lakini alikuwa ametoka kumsikiliza mtu aliyedanganya kwa nia njema, na alijua mahali nia ile ilipoipeleka ile meli.

Woodley alimkuta Mama Peres amekaa kwenye kiti chake cha mbao, kitenge mapajani, na Hezekiah amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Gunia lilikuwa bado chini ya meza. Namalwa aliketi kwenye stuli, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ilikuwa Ijumaa, mama," akasema.

Mama Peres akaitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa anajua.

"Jua likizama," akasema mama.

"Jua likizama. Alikuwa anaimba. Wao hawakujua mpaka kesho yake mchana. Walifikiria yuko chumbani na Sabato yake, hawakutaka kumsumbua."

"Na jaketi?"

Namalwa alikuwa ameiona sentensi hii inakuja tangu Loresho. "Alikuwa amelivaa."

Hezekiah alisema kitu kwa Kijaluo, akanyamaza katikati. Mama Peres alikuwa amekitazama kitenge chake, vidole vinakikunja, vinakikunjua. Alikuwa anahesabu mwenyewe, hakuhitaji mpelelezi. Jaketi linaelea. Lina filimbi. Lina taa ndogo, ya usiku mmoja. Usiku mzima, na asubuhi yake, na labda Sabato nzima.

"Na ile meli ilimtafuta wapi?" akauliza.

"Mbali naye, mama. Waliambiwa mahali pasipo."

Hakulia. Namalwa angeona nafuu kama angelia. Alikaa hivyo mpaka mama mmoja wa nyumba ya jirani akaanza kutwanga vitunguu saumu nje, na harufu ikaingia dirishani, na ilikuwa ni mchana wa kawaida tu.

"Alikuwa anaimba wimbo gani?"

"Sijui, mama. Madam hajui Kijaluo."

"Lakini aliusikia."

"Kila Ijumaa."

"Mpigie."

Namalwa alisitasita. Jambo hilo halimo katika kanuni zozote za upelelezi alizowahi kusoma. Akapiga. Wangeci alipokea haraka, akaelezwa. Kisha akasema, "Sijui maneno. Najua tu inavyoenda." Mama Peres akanyoosha mkono, akachukua simu, akaibandika sikioni.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu asiyezoea kuimba mbele ya watu, na Namalwa aliisikia kidogo tu kutoka pale alipoketi. Mama Peres aliutambua wimbo mara moja. Midomo yake ikaanza kusogea, akatia maneno chini ya ile sauti ya Loresho, polepole, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana. Hezekiah aliinamisha kichwa. Waliimba hivyo mstari mmoja, wakaanza wa pili, na katikati yake Wangeci akanyamaza. Mama Peres akanyamaza naye. Alibaki ameishika simu sikioni, amefumba macho, anasubiri kama kuna kinachofuata.

Halafu akairudisha kwa Namalwa.

"Hata kiitikio hakufika," akasema.

Akainama, akalivuta gunia kutoka chini ya meza, akalisukuma kwa mguu kuelekea mlangoni alikokuwa shemeji yake.

"Hezekiah, chukua. Mzike."